Gasketi ya Ngozi

Injini ilikuwa na joto.

Si joto la kuunguza, hapana. Lilikuwa joto la gari lililofika sasa hivi likazimwa, lile ambalo ukiweka kiganja unaweza kukiacha kidogo kabla ya kukitoa. Sasa hebu niambie wewe: injini iliyolala miaka kumi na moja chini ya turubai, imetolewa garini jana yake na wanaume wanne, ikawekwa juu ya meza ya kukatia nguo, haina petroli, haina betri, oili yenyewe imemwagwa yote kwenye ndoo, joto inalipata wapi? Bi Pindo naye alijiuliza hivyo hivyo. Akatazama juu, akaona bati la stoo limeshika jua la saa nane mchana, akajijibu kwamba ni bati. Kwenye meza hiyo hiyo kulikuwa na pasi ya chuma, nzito, ya zamani. Angeigusa angeikuta baridi. Hakuigusa, akachukua spana akaanza kazi.

Tuseme ukweli, mwanamke huyu hakuwa mtu wa kutishika ovyo. Alikuwa fundi cherehani, na jina la Bi Pindo alipewa na wateja, kwa sababu pindo likipinda hata uzi mmoja anafumua gauni zima, mteja mwenyewe amesimama mlangoni analia kwamba shughuli ni kesho. Mumewe aliitwa na mji mzima kwa jina moja tu, Kipaza. Ndiye aliyetangaza mabasi pale stendi, mwaka wa kumi na tisa huo, na sauti yake ilikuwa ikifika nyumbani kabla yake. Akina mama wa mtaa ule walikuwa wakiinjika vyungu kwa kumsikiliza yeye. Kipaza akitangaza basi la saa tano, wanajua sasa ni wakati wa kuwasha jiko.

Gari lilikuwa la marehemu baba yake Bi Pindo. Dogo, la mviringo, injini iko nyuma mahali ambapo wengine huweka mizigo, na halina rejeta wala bomba la maji. Hupozwa na upepo tu: feni moja inavuta hewa ya nje na kuipuliza juu ya silinda nne zilizolala mbili huku, mbili huku, kama watu waliogombana wakapeana migongo. Baba alikuwa amemwahidi binti yake kumfundisha kuliendesha. Halafu siku moja alirudi nyumbani akilisukuma, uso umemsawajika, akaliingiza stoo, akalifunika, na mpaka anaingia kaburini hakusema kwa nini. Watu walimshauri Bi Pindo aliuze kama chuma chakavu. Aliwajibu kwamba atalifungua mwenyewe, atalifunga mwenyewe, na ataliendesha mwenyewe hadi stendi, mumewe amwone.

“Sawa mke wangu,” Kipaza alimwambia huku akicheka kile kicheko chake cha kujaza nyumba. “Ila usije ukaitia zipu hiyo injini.”

“Nikitia zipu utakuwa wa kwanza kuifungua. Nitolee uso.”

Hakuwahi kufungua injini maishani. Alikuwa na kitabu cha baba yake chenye kurasa zilizolowa grisi, na namba ya simu ya muuza spea mmoja mvumilivu. Lakini alikuwa na njia yake, na njia hiyo hakuna fundi magari anayeijua. Alitandika sakafuni karatasi za kukatia nguo, zile za kaki, upana wa chumba kizima. Kila kifaa alichokitoa alikilaza juu ya karatasi, akakizungushia penseli, akaandika namba na neno moja, kisha akakiacha palepale juu ya mchoro wake. Feni, namba moja. Bati la kuelekeza upepo, namba mbili. Kabureta, plagi, mabomba, kila kitu na kitanda chake. Gauni la bi harusi lina vipande arobaini na haijapata kutokea akasahau kimoja. Injini nayo itakuwa na nini cha ajabu?

Siku ya tatu alifika kwenye tundu la kupumulia. Kila injini inalo. Ni mahali hewa ya ndani inapotokea, ili isije ikabanana ikapasua sili za kuzuia oili. Hili lilikuwa limezibwa. Mtu alikuwa ameshindilia kitambaa cheusi ndani ya bomba lake, akakifunga juu kwa uzi, na uzi huo ulikuwa na vifundo saba.

Fundi magari yeyote angechukua kisu, akachana, akatupa, mambo yakaisha. Na huenda kweli yangeisha, maana uzi uliokatwa hubaki na vifundo vyake. Lakini Bi Pindo hajawahi kukata uzi unaofunguka. Ni aibu kwake. Alivuta kigoda, akachukua sindano nene, akaanza kuvifungua kimoja kimoja, taratibu, ulimi umebanwa kwenye kona ya mdomo, na kila kifundo kilipolegea alijisikia vizuri, kama mtu anayepiga hatua. Ilimchukua nusu saa. Kifundo cha saba kilipoachia, kitambaa kilitoka chenyewe, na injini ikashusha pumzi.

Haaaa.

Ndefu, ya uchovu, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana siku nzima. Ikaja na harufu ya nywele zilizoguswa na pasi. Bi Pindo alirudi nyuma na kigoda chake, akasikiliza. Kimya. Hewa iliyobanwa miaka kumi na moja, akajiambia, lazima itoke kwa kelele. Ndivyo ilivyo. Akakifua kile kitambaa akakitumia kufutia grisi.

Jioni alimsimulia mumewe akiwa amejikausha, asionekane amehofu.

“Imepumua,” alisema.

“Nani?”

“Injini.”

“Bora yake. Mimi nikirudi kazini hata nafasi ya kupumua sipewi.”

Akacheka, naye akacheka, yakaisha.

Kazi iliendelea wiki mbili. Alikwangua masizi, akabadilisha ringi za pistoni, akasugua valvu mpaka zikang'aa. Silinda ya tatu ilimsumbua. Kitabu kilisema injini za aina ile huchemka zaidi kwenye silinda ya tatu, kwa sababu kipoza oili kimesimama mbele yake kinaizibia upepo, na kweli aliikuta imeungua hadi imekuwa ya kahawia. Lakini kila mchana, ilipogonga saa nane, silinda hiyo iliyolala juu ya karatasi, pekee yake, haijaungwa na kitu, ilianza kulia tik, tik, tik, kama chuma kinachopoa. Bi Pindo aliwasha redio ili asiisikie. Alikuwa karibu kumaliza, na mtu aliye karibu kumaliza hataki kusikia la mtu.

Ndipo wakati wa kufunga alipouona mchoro usio na namba.

Ulikuwa kando ya mchoro wa bomba la kupumulia. Umbo la yai, tundu kubwa katikati, matundu mawili madogo ya bolti pembeni. Penseli ni ile ile. Mkono ni wake, kabisa, hata ule mtindo wake wa kuanzia mstari kwa nukta. Namba tu ndiyo haikuwepo, na juu yake hapakuwa na kifaa. Alitafuta chini ya meza, ndani ya makopo, mpaka mfukoni mwa aproni. Akafungua boksi la gasketi mpya, zile bapa za kuziba mwanya kati ya chuma na chuma, akazijaribisha moja moja. Hakuna iliyolingana. Akampigia simu muuza spea.

“Hapo hakuna gasketi, mama,” yule muuza alimjibu. “Ni chuma kwa chuma. Unapaka gundi kidogo tu, unakaza.”

“Mimi nimechora gasketi.”

“Labda umechora kitu kingine.”

Sasa mtu mwingine angemsikiliza muuza spea. Bi Pindo aliisikiliza karatasi. Miaka ishirini na sita karatasi haijamdanganya: kipande kikiwa kimechorwa, kipo, na kama hakipo kinakatwa. Akatafuta kitu kigumu kitakachovumilia joto. Nyuma ya mlango wa chumbani ulikuwa unaning'inia mkanda wa zamani wa Kipaza, ngozi nene, aliouvaa miaka kumi na tano mpaka tumbo likaukataa. Aliuleta, akaulaza juu ya mchoro, akakata kwa mkasi wake mkubwa. Kipande kilitoka sawasawa, hakuhitaji kurudia hata ukingo mmoja. Alipokiweka mahali pake, bolti ziliingia zenyewe kana kwamba zimepakwa siagi, akazikaza.

Kwa mbali, kutoka stendi, sauti ya Kipaza ilikuwa ikitangaza basi la saa tisa. “Abiria wote wa basi la saa tisa mnaombwa mfike mlango wa...”

Ikakatika hapo. Bi Pindo alisimama na spana mkononi akisubiri amalizie. Hakumalizia.

Wenzake wa stendi walimleta Kipaza nyumbani kwa teksi. Alikuwa anatembea, anatabasamu, ila kila maneno matatu alitua. Pumzi ilikuwa imekuwa fupi. Hospitalini walimpiga picha ya kifua, daktari akaitazama kwenye mwanga, akasema mapafu ni safi kama ya mtoto, akampa dawa ya kikohozi ambacho hakuwa nacho. Siku ya nne hakuweza kupanda ngazi tatu za barazani. Siku ya saba hakuweza kucheka. Alijaribu, mkewe alimwona anajaribu, mabega yakapanda, mdomo ukafunguka, na hapakutoka kitu.

“Usinitazame... hivyo,” alinong'ona. “Nitapona. Malizia... injini yako. Nataka... unipakie.”

Alimaliza kwa ajili hiyo. Alidhani atampa furaha. Mchana wa siku ya tisa injini ilikuwa nzima juu ya meza, na karatasi sakafuni zimebaki michoro mitupu. Kitabu kilisema kabla ya kutia petroli, izungushe kwa mkono, uisikilize kila silinda kama inabana. Chumba cha kulala kilikuwa kimepakana na stoo, ukuta mmoja tu, na Kipaza alikuwa amelala upande wa pili. Bi Pindo alishika nati kubwa ya mbele kwa spana, akavuta polepole.

Upande wa pili wa ukuta, mumewe alivuta pumzi.

Akaacha kuvuta spana. Pumzi ikasimama. Akasubiri, akidhani ni bahati tu, na kimya kikarefuka, kikarefuka mpaka akasikia kitanda kinagongwa na mikono ya mtu anayetafuta hewa, akavuta spana tena kwa pupa na mumewe akavuta pumzi ndefu yenye kwikwi, akairudisha spana na mumewe akaishusha, na hapo Bi Pindo akaelewa kwa mwili mzima, kuanzia nyayo, kitu ambacho kichwa chake kilikuwa kikikikataa kwa wiki tatu.

“Unafanya... nini... huko?” sauti iliuliza kupitia ukutani.

Aliogopa kuiachia spana na aliogopa kuishika, na wakati bado amesimama hivyo, akahisi spana inasogea yenyewe kiganjani mwake, taratibu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ikipumua, na kutoka kwenye bomba la moshi, lile bomba kavu lisilounganishwa na chochote, ikatoka sauti ya Kipaza mwenyewe, sauti ile nene ya stendi iliyopotea tangu siku ya mkanda, ikitangaza kwa upole kama anavyotangaza siku zote: “Abiria mmoja amebaki. Abiria mmoja amebaki. Anaombwa apande.”

Aliiachia akakimbia, na hakusimama mpaka kwa shangazi yake.

Shangazi, dada wa marehemu baba yake, alikuwa mwanamke wa maneno makali na magoti mabovu. Aliposikia habari ya vifundo saba, aliketi chini pale pale alipokuwa.

“Ulivikata?” aliuliza.

“Nilivifungua.”

“Vyote?”

“Vyote, shangazi. Ulikuwa uzi mzuri.”

“Uzi mzuri! Mwanangu wee, uzi mzuri!” Shangazi alijifunika uso. “Baba yako alikuwa anakohoa gari likikohoa. Likizima barabarani, anazimia. Ni mama mmoja mganga aliyemfungia. Kaka yangu akaniapisha nisimwambie mtu, kwa sababu aliona haya, mwanamume mzima kutawaliwa na gari. Nami nikanyamaza. Nilijua kwamba umeitoa hiyo injini, nikasema ah, ni ya zamani hiyo, itakuwa imekufa. Nimekukosea.”

Mganga yule alikuwa bado hai. Alifika mchana ule ule, mfupi, miwani mikubwa, mkoba wa plastiki kwapani, na haraka ya mtu aliyeacha kitu jikoni. Alimtazama Kipaza, akaingia stoo, akaweka sikio kwenye bomba la moshi kidogo tu, akatoka akijipangusa sikio.

“Ni jini la joto,” alisema kwa sauti ya chini. “Linapenda kukaa mahali penye kupumua. Nililiziba. Wewe umelifungulia kwa mkono wako bila kuukata uzi, likakuonyesha kiti linachotaka, ukalikatia kutoka kwenye ngozi ya mumeo. Sasa limekaa kati ya pumzi yake na yeye.”

“Nitaivunja kwa nyundo,” alisema Bi Pindo.

“Ukivunja, unamvunja. Wewe kazi yako ni nini?”

“Nashona.”

“Basi fumua. Cha mwisho kufungwa kiwe cha kwanza kufunguliwa, urudi hivyo mpaka kwenye ile ngozi. Uliifunga peke yako, utaifungua peke yako. Mimi nitazunguka nyumba. Ndoo hii ina maji ya chumvi, iweke miguuni pako. Ngozi ikitoka, nzima, isichanike, itumbukize humo kabla hujapiga hata hatua moja. Na usimtaje mtu jina. Umenisikia? Wakati huo halina kiti. Ukimwita mtu jina lake, umelionyesha mlango.”

“Nitajuaje kama mume wangu bado yupo?”

Shangazi akadakia. “Nitakaa naye. Nitakugongea ukuta kwa kijiko kila akivuta pumzi. Ukisikia kijiko, jua yupo, wewe fanya kazi.”

Lilikuwa wazo la shangazi, si la mganga. Mganga alilisikia, akakunja uso, lakini hakulikataza.

Bi Pindo alianza saa nane kasoro. Feni. Bati la upepo. Ko, kijiko kiligonga ukutani. Kabureta. Ko. Kila kifaa alikirudisha juu ya mchoro wake, na kila alipokirudisha stoo ilizidi kuchemka, bati la paa likaanza kupasuka pasuka juu yake, harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani hadi macho yakatoka machozi. Ko. Nati zilikuwa za moto mno, akazishika kwa kitambaa, kitambaa kikaanza kufuka moshi, akazishika kwa vidole. Ko. Kutoka ndani ya silinda ya tatu sauti ya mumewe ilianza kumsemesha, si ile ya stendi sasa bali ile ya ndani ya nyumba, ile ya kumwomba chai, ikimuuliza kwa nini anamfanyia hivyo, mke wangu, niache tu nipumzike, mke wangu, unaniumiza, na Bi Pindo alilia kwa sauti huku mikono yake ikiendelea, maana mikono ya fundi ikishajua njia haingoji ruhusa ya mtu. Kijiko kilikuwa kimeanza kuchelewa. Ko. Halafu muda. Halafu ko. Akafika kwenye bomba la kupumulia, bolti mbili tu zimebaki, moja ikatoka, ya pili ikagoma, akaizungusha kwa mikono miwili mpaka kitu kikamlia begani, na ilipoachia alilinyanyua bomba na kuiona ile ngozi, nyekundu, yenye unyevu, ikipanda na kushuka, imeshikana na chuma kama kigaga kinavyoshikana na kidonda.

Isichanike. Alichukua sindano. Akaipitisha chini ya ukingo, uzi kwa uzi, kama anayefumua pindo la hariri, vidole vinaungua, jasho linamdondokea machoni, na aliusikia kila uzi unapoachia, na alijizuia kupumua yeye mwenyewe ili mkono usitikisike, robo, nusu, robo tatu, mpaka yote ikalala kwenye kiganja chake, nzima, haina hata mpasuko mmoja.

Injini ikanyamaza. Joto likakatika ghafla. Ndoo ilikuwa pale, inagusa kidole chake cha mguu.

Akasikiliza kijiko.

Hakikugonga.

Akasubiri. Hakikugonga. Nakuapia hakuna kimya kilichowahi kuwa kikubwa kama kile. Alijua cha kufanya, mganga alikuwa amemwambia kwa Kiswahili rahisi kabisa, na ndoo ilikuwa karibu kuliko mlango. Lakini miaka ishirini na mbili ya ndoa ilikuwa upande wa pili wa ukuta ule, haigongi. Alikimbia. Alikimbia na ngozi mkononi, akapita mlango wa stoo, akapita ukumbi, akiita, si Kipaza, la, akiita jina lake la kuzaliwa, lile ambalo alikuwa hajalitamka tangu siku waliyooana, akiliita kwa nguvu zote alizobaki nazo.

Kule nje mganga alipiga kelele, “Ndoo! Ndoo!”

Kipaza alikuwa ameketi kitandani. Mzima. Mashavu yana damu, kifua kinapanda na kushuka vizuri kabisa, anacheka machozi yakimtoka, na shangazi amemkumbatia, kijiko kimeanguka sakafuni. Alikuwa amepona dakika ile ile ngozi ilipotoka. Shangazi kwa furaha alikuwa amesahau kugonga.

“Umeniita,” Kipaza alimwambia mkewe, kwa sauti yake nzima.

Bi Pindo alitazama mkononi. Kilikuwa kipande cha mkanda mkavu, wa kawaida, kimejikunja. Akamtazama mumewe. Kifua chake kilikuwa kimetulia, hakipandi, hakishuki.

Mganga aliingia, akamtazama Kipaza kifuani. Kisha akauchukua mkoba wake akaondoka bila kuaga, na alipopelekewa ujumbe mara tatu alijibu mara tatu kwamba yeye hufunga vyuma, hafungi watu.

Mji ulifurahi, kwa nini usifurahi? Sauti ya Kipaza ilirudi stendi, tena nene kuliko mwanzo. Aliweza kutangaza mabasi yote kumi na moja ya asubuhi, na njia zake, na milango yake, kwa mkupuo mmoja bila kutua popote, na abiria walimpigia makofi. Bi Pindo aliisikia kutoka nyumbani. Alikuwa akiacha cherehani, anasubiri mahali ambapo mtu angevuta hewa, na mahali hapo hapakuja. Vipande vya injini alivipeleka kwa wanunuzi wa chuma chakavu vyote. Mumewe hakuuliza habari zake hata siku moja.

Mwezi wa pili Kipaza alisema anataka shati jipya la kazini. Alisimama katikati ya chumba, mikono ameinyoosha pembeni, anatabasamu. Bi Pindo alimzungushia utepe kifuani. Alikuwa anampenda, na alikuwa anamwogopa, na hakuwa na mtu wa kumwambia, maana ni yeye aliyemwita.

“Vuta pumzi,” alisema, kama anavyowaambia wateja wote.

“Nimevuta.”

Utepe haukukaza.

“Toa.”

“Nimetoa.”

Haukulegea. Bi Pindo aliubana utepe kwa vidole, akaisoma namba mara ya pili. Mumewe aliviona, akavifunika kwa kiganja chake, kwa upole sana.

“Andika hicho hicho, mke wangu,” alisema. “Hakitabadilika tena.”